Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vijana kujitolea katika umisheni nje ya nchi

Majibu haya ni kwa kijana wa miaka 18 hadi 30 anayefikiria kwenda kutumika nje ya nchi yake kwa wiki chache, miezi kadhaa au mwaka mzima. Ni kwa wazazi wake na mchungaji wake pia, maana nao wana maswali yao. Tumefuata mpangilio wa safari yenyewe, kuanzia uamuzi hadi kurudi. Pale ambapo safari nyingi huharibika tumekaa kwa kirefu, na penginepo tumepita haraka.

Nitajuaje kama nimeitwa, au ni hamu tu ya kusafiri?

Hamu ya kusafiri si dhambi, na mara nyingi vyote viwili huja pamoja. Tazama mambo yanayoonekana. Je, unatumika sasa hivi hapo ulipo? Asiyewahi kufundisha watoto, kutembelea wagonjwa wala kufagia ukumbi kanisani kwake hatabadilika kwa sababu amepanda ndege. Je, wanaokufahamu wanakubaliana nawe? Katika Matendo 13 Barnaba na Sauli hawakujituma. Kanisa la Antiokia lilifunga, likaomba, likawawekea mikono, ndipo wakaondoka.

Kisha jiulize hili, ambalo kwetu ndilo kipimo kikali zaidi: ukiambiwa kazi yako ni kufua mashuka ya wageni, kupanga vitabu kwenye maboksi au kuingiza majina kwenye kompyuta, na hutashika kipaza sauti hata mara moja, bado utakwenda?

Kuna kazi gani, zaidi ya kuhubiri?

Nyingi kuliko watu wanavyodhani. Youth With A Mission, shirika la Kikristo la umisheni lililoanzishwa mwaka 1960, hupokea vijana kwenye shule ya uanafunzi: kwa kawaida wiki 12 za darasani, kisha wiki 8 hadi 12 za huduma mahali pengine. Operation Mobilisation ina meli ya vitabu, Logos Hope, inayozunguka bandari za nchi mbalimbali. Mercy Ships, iliyoanza mwaka 1978, ina meli za hospitali, na meli hizo hazihitaji madaktari wa upasuaji peke yao: kuna wapishi, mafundi umeme, mabaharia, walimu wa watoto wa wafanyakazi na watu wa mapokezi. Wengi wao wanajilipia gharama za kuishi melini.

Nje ya mashirika makubwa, makanisa huomba walimu wa lugha, mafundi bomba, wahasibu, wapiga ala, wahariri wa video. Fundi mzuri wa umeme mwenye tabia njema ni baraka kuliko mhubiri wa nne kwenye timu moja.

Muda gani unafaa?

Wiki 2 zinafaa pale tu ambapo kuna kazi yenye mwanzo na mwisho, tena iliyoombwa na wenyeji, kama kusaidia kambi ya vijana au kufunga mfumo wa maji. Kwa miezi 3 unaanza kujua majina ya watu na njia za mitaa. Kwa miezi 6 hadi 12 unaanza kuwa na faida ya kweli, kwa sababu muda wa mwanzo ni wenyeji wanaokuhudumia wewe: wanakupeleka dukani, wanakutafsiria, wanakusindikiza ofisi ya uhamiaji. Kama una uwezo wa safari tatu fupi katika nchi tatu, tunakushauri uende moja ndefu mahali pamoja.

Nichague vipi shirika la kunituma?

Anza kwa kuuliza nani aliyeomba timu hii ije. Shirika lisiloweza kukutajia kanisa au taasisi mwenyeji, na mtu mmoja aliye huko atakayekusimamia, halina kazi ya kukupa. Omba kusoma sera yao ya kulinda watoto. Iwe ya maandishi, siyo maneno ya mdomoni. Uliza fedha zako zinagawanywaje: kiasi gani kinabaki ofisini, kiasi gani kinakufikia wewe, kiasi gani kinakwenda kwa mwenyeji. Uliza nani anayepokea simu saa nane za usiku mtu akivunjika mguu.

Omba pia kuzungumza na vijana wawili waliokwisha kurudi, mmoja wao awe aliyerudi kabla ya muda wake. Huyo wa pili atakueleza mambo ambayo hayamo kwenye kipeperushi.

Dalili mbaya ni hizi: unakubaliwa siku ileile uliyolipa, hakuna usaili, hakuna barua ya mchungaji, hakuna anayekuomba cheti cha polisi cha tabia njema hali kazi yenyewe ni ya watoto.

Gharama zinapangwaje, na fedha zinatafutwaje?

Andika bajeti kabla ya kumwendea mtu yeyote. Mafungu ambayo watu husahau siyo tiketi na chakula. Husahau usafiri wa ndani wa kila wiki, ada ya kuongeza muda wa viza, chanjo, siku za mafunzo elekezi kabla ya kuondoka, na siku za mapumziko baada ya kurudi, kabla hujapata kipato. Kisha ongeza asilimia 10 ya dharura juu ya jumla yote, kwa sababu thamani ya fedha hupanda na kushuka kati ya siku unayopiga hesabu na siku unayolipa.

Gawa bajeti katika sehemu mbili: ya mara moja (tiketi, viza, chanjo, bima) na ya kila mwezi (malazi, chakula, usafiri, mawasiliano). Ya mara moja unaweza kuipata kwa harambee, kwa kazi za mikono au kwa akiba yako mwenyewe, na ni vema wewe uwe wa kwanza kuchangia. Ya kila mwezi inahitaji watu walioahidi. Watu 20, kila mmoja akibeba asilimia 5, ni salama kuliko mfadhili mmoja mwenye nusu ya bajeti. Huyo mmoja akifukuzwa kazi, nawe umekwama ugenini.

Barua ya kuomba msaada isizidi ukurasa mmoja. Iseme wewe ni nani, unakwenda wapi, tarehe zipi, kufanya nini chini ya nani, unahitaji kiasi gani, fedha zitumwe wapi na kabla ya siku gani. Taja kiasi mahususi, kwa sababu "chochote utakachojaliwa" humwacha mtu mwema bila kujua aanzie wapi, na mara nyingi haanzi kabisa. Kisha mtembelee ana kwa ana. Barua peke yake haitoshi. Baada ya wiki moja mpigie simu. Asiyejibu hajakataa, huenda amesahau tu. Akikataa, mshukuru na umwombe akukumbuke katika maombi, bila kununa.

Fedha zipite kwenye akaunti ya kanisa au ya shirika, zitolewe stakabadhi. Usipokee michango kwenye akaunti yako binafsi hata kama ndiyo njia nyepesi.

Usiondoke kwa mkopo, na usiondoke bila tiketi ya kurudi iliyolipiwa au fedha yake iliyotengwa. Kusema "Mungu atafungua njia nikiwa huko" kunawatwisha wenyeji mzigo wa kukulisha na kukurudisha, na wao hawakuulizwa.

Viza ya utalii haitoshi?

Mara nyingi haitoshi, na hapa ndipo vijana wengi waaminifu hujikuta wakidanganya bila kukusudia. Nchi nyingi huchukulia kujitolea kuwa ni kazi, hata kama hulipwi. Uingereza ina viza maalumu ya wafanyakazi wa hisani: muda wake hauzidi miezi 12, lazima uwe na mdhamini mwenye leseni, na hairuhusiwi kulipwa mshahara. Marekani ina viza ya R-1 ya watumishi wa dini: lazima uwe mshiriki wa dhehebu husika kwa angalau miaka 2 kabla ya kuomba, unaingizwa kwa muda usiozidi miezi 30 kwanza, na jumla haizidi miaka 5. Katika nchi za Schengen, yaani nchi nyingi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku hizo huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka kila siku unayokuwepo. Mtu aliyekaa siku 85 kwenye mafunzo Uholanzi, akatoka wiki mbili, kisha akarudi kwa kongamano la siku 10 Ujerumani, amevunja sheria. Kutoka nje ya mpaka hakuanzishi hesabu upya.

Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi baada ya tarehe ya kurudi, na kurasa mbili zilizo wazi. Jina liandikwe vilevile kwenye pasipoti, tiketi, kadi ya chanjo na barua ya mwaliko. Herufi moja ikitofautiana, unaweza kubaki kaunta ndege ikiruka.

Beba faili la karatasi, maana simu huzima chaji: barua ya mwaliko yenye tarehe, anwani na simu ya mwenyeji, maelezo ya nani anagharamia, tiketi ya kurudi, bima, nakala mbili za pasipoti. Ukiulizwa mpakani unakwenda kufanya nini, jibu kwa sentensi moja ya kweli inayolingana na viza yako. Anayesema "natalii" huku begi lina vijitabu vya Injili mia tatu amejiharibia yeye na timu itakayofuata.

Chanjo na dawa: nianze lini?

Nenda kliniki ya wasafiri wiki 6 hadi 8 kabla, na mapema zaidi kama hujawahi kuchanjwa homa ya ini B, kwa sababu ratiba yake ya kawaida ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6.

Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa siku 4 kabla ya safari una kinga isiyokamilika na kadi isiyokubalika. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Hakikisha kina muhuri wa kituo na sahihi.

Kwa malaria, dawa ya kinga hutofautiana kwa siku za kuanza na kumaliza, na kosa kubwa ni kuiacha mara tu unapotua nyumbani. Atovaquone-proguanil huanzwa siku 1 hadi 2 kabla, hunywewa kila siku, na huendelea siku 7 baada ya kutoka eneo la hatari. Doxycycline huanzwa vivyo hivyo lakini huendelea wiki 4, nayo huifanya ngozi iungue kwa jua kwa urahisi. Mefloquine ni ya mara moja kwa wiki, huanzwa wiki 2 au zaidi kabla na kuendelea wiki 4 baadaye. Haifai kwa mwenye historia ya sonona, ugonjwa mwingine wa akili au kifafa, kwa hiyo mweleze daktari ukweli wote. Aliyekulia eneo lenye malaria kisha akaishi mbali kwa miaka asijidai mwenyeji, kwa kuwa kinga hiyo hupungua.

Ukiumwa na mbwa, popo au nyani, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama uliwahi kuchanjwa kichaa cha mbwa. Wengi huona aibu kuvuruga ratiba ya timu kwa ajili ya mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili ni karibu kila mara kifo.

Maji ya kunywa yachemke kwa dakika 1, na dakika 3 mahali palipo juu ya mita 2,000. Ukiharisha na huna pakiti za chumvichumvi, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Usikisie chumvi kwa vidole, ikizidi ni hatari.

Dawa zako za kila siku zibaki kwenye pakiti zake, ziende na barua ya daktari, tena kwenye begi la mkononi. Angalia sheria za nchi unayokwenda: Umoja wa Falme za Kiarabu unataka kibali kwa dawa zenye kodeini, ambazo kwingineko hununuliwa dukani.

Na bima?

Isome sehemu inayosema kile ambacho haitalipia. Bima nyingi hazilipii ajali ya pikipiki kama huna leseni yake au hukuvaa kofia ngumu, na pikipiki ndiyo usafiri wa kila siku katika maeneo mengi ya huduma. Ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watu wa miaka 5 hadi 29 duniani, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani. Hakikisha bima inagharamia kusafirishwa hadi hospitali kubwa na kurudishwa nyumbani. Usisafiri usiku kwa barabara ndefu, hata kama ratiba inabana.

Nibebe nini?

Kidogo kuliko unavyofikiri. Ndege nyingi huruhusu begi moja la kilo 23. Nusu ya vile vijana wanavyobeba inapatikana wanakokwenda, na kununua huko kunawapa wenyeji riziki. Beba nguo zinazositiri mabega na magoti hadi utakapoona watu wanavaaje, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, taa ya kichwani, chandarua kilichotiwa dawa kama mwenyeji hana, na zawadi ndogo kwa familia itakayokupokea. Kompyuta ya bei kubwa iache, isipokuwa ndiyo kazi yako.

Nikifika, bosi wangu ni nani?

Ni kanisa mwenyeji. Tungependa hili lieleweke kuliko jambo lolote jingine kwenye ukurasa huu. Kazi ilikuwepo kabla yako na itakuwepo ukiondoka. Ukitaka kuanzisha kikundi cha maombi, kugawa nguo, kumtembelea mgonjwa au kuhubiri sokoni, muulize mchungaji wa pale kwanza. Huenda anajua kwamba mwenye nyumba jirani amekuwa akitafuta kisingizio cha kufunga kanisa, au kwamba mgawo wa nguo wa mwaka juzi uliwagombanisha waumini kwa miezi.

Wiki mbili za kwanza usipendekeze lolote. Osha vyombo, jifunze salamu, hudhuria ibada, sikiliza. Jambo likikukera, liandike kwenye daftari na ulisome tena baada ya mwezi. Mengi utayafuta mwenyewe.

Nitahubirije kwa mkalimani?

Kaa naye siku moja kabla, dakika 30 zinatosha. Mpe mafungu ya Biblia, mweleze kiini cha ujumbe, mpitishie majina magumu na mifano utakayotumia. Ukipewa nusu saa, andaa dakika 12. Nyingine ni za ukalimani na utulivu.

Sema wazo moja kamili, kisha nyamaza. Ukikata sentensi katikati, mkalimani hajui aanze na nini, kwa sababu lugha nyingine huweka kitendo mwisho. Ukisema maneno hamsini kwa pumzi moja, atakumbuka kumi. Linganisha hivi. "Nilikuwa nimezama kwenye matope ya dunia, nikipigwa na mawimbi huku na huku, hadi siku Bwana aliponivua" humlazimisha achague kati ya matope, bahari na nyavu huku watu wanamtazama. "Nilikunywa pombe kila siku. Nilimpiga ndugu yangu. Siku moja niliomba Mungu anisaidie. Niliacha." Hii inavuka salama hadi benchi la nyuma.

Aya za Biblia mwachie azisome moja kwa moja kutoka Biblia ya lugha yao. Usitafsiriwe aya ambayo tayari imetafsiriwa vizuri na wanaijua kwa moyo. Watazame wasikilizaji unapoongea, si mkalimani. Vichekesho viache. Na baada ya ibada mshukuru mbele za watu, maana amehubiri ujumbe uleule kama wewe, bila kuandaa.

Naweza kwenda kuhudumu kwenye kituo cha watoto yatima?

Kwa safari fupi, tunashauri usiende. Watoto wengi walio kwenye vituo wana mzazi angalau mmoja aliye hai, na walifika hapo kwa umaskini. Wageni wanaokuja na fedha huvifanya vituo hivyo viwe biashara yenye faida ya kuendelea kuwatafuta watoto. Mtoto naye humzoea mgeni kwa wiki mbili, humlilia, kisha anakuja mwingine. Yule anayekurukia na kukukumbatia dakika ya kwanza haonyeshi upendo wa pekee kwako. Mara nyingi ni alama ya mtoto aliyeachwa mara nyingi mno. Mwaka 2018 Australia ilipitisha sheria dhidi ya utumwa wa kisasa baada ya bunge lake kuchunguza pia usafirishaji wa watoto kwenda kwenye vituo, na Desemba 2019 azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za mtoto liligusa madhara ya utalii na kujitolea kwenye vituo vya yatima.

Moyo wako kwa watoto usiuzime, uelekeze pengine. Saidia mafunzo ya walezi, shule ya Jumapili inayoendeshwa na wenyeji, au huduma zinazorudisha watoto kwa ndugu zao. Popote ulipo na watoto, pawe na watu wazima wawili, mlango wazi, na usimpeleke mtoto chumbani kwako wala kumwandikia ujumbe wa faragha.

Watu wakiniomba fedha?

Watakuomba, na wengi wana shida ya kweli. Kabla hamjaondoka, timu ikubaliane: hakuna anayetoa fedha taslimu kwa mtu binafsi, na kila ombi linapelekwa kwa mtu mmoja wa kanisa mwenyeji.

Chukua mfano wa kijana wa kwaya anayekuomba ada ya shule, akikuonyesha barua ya kufukuzwa. Ukimpa kimyakimya, kesho wanakuja wanne, mchungaji anaulizwa kwa nini mgeni amesaidia familia fulani na siyo nyingine, na kijana mwenyewe anajikuta na deni la kukufurahisha. Mwambie: "Nimekusikia. Mimi sina ruhusa ya kutoa fedha, lakini nitamweleza mzee fulani leo." Kisha mweleze kweli siku hiyohiyo. Kanisa likiona inafaa, mchango wako upite humo bila jina lako. Usiahidi kitu ambacho hukukabidhiwa, hasa kumpeleka mtu nchini kwako.

Picha na mitandao

Usipige picha ya mgonjwa, ya mtu anayeomba toba, wala ya mtoto bila ruhusa ya mzazi wake. Zima alama ya mahali kwenye simu. Kabla ya kuituma, jiulize kama ungekubali mama yako apigwe hivyo na mgeni. Kama wenyeji hawawezi kuusoma ujumbe wako bila kuona aibu, usiutume.

Vipi kuhusu nchi zinazokataza kuhubiri?

Jua sheria kwa usahihi, siyo kwa uvumi. Nepal kwa mfano: ibara ya 26 ya katiba ya mwaka 2015 inakataza kumbadilisha mtu dini, na sheria ya jinai iliyoanza kutumika Agosti 2018 inatoa kifungo cha hadi miaka 5, na mgeni hufukuzwa nchini baada ya kukitumikia. Wewe ukikamatwa, huenda ukarudishwa kwenu. Muumini aliyekukaribisha atabaki kuhojiwa. Kwa hiyo kipimo cha ujasiri huko kinawekwa na waumini wa pale wenyewe.

Kuna pia mahali pasipofaa kwenda kabisa kwa nguvu ya kijana mmoja. Novemba 2018 Mmarekani wa miaka 26 aliyekwenda kuhubiri aliuawa kwenye kisiwa cha North Sentinel, ambacho India imekikataza kufikiwa, kwa sababu mojawapo kwamba wakazi wake hawana kinga ya magonjwa ya kawaida ya watu wa nje. Kwa watu kama hao, hata mafua ya mgeni yanaweza kuua.

Timu yetu inagombana. Ni kawaida?

Ni kawaida sana, na mara chache ugomvi ni wa mafundisho. Ni nani haoshi sufuria, nani anaongea na simu usiku, nani hula sehemu kubwa, nani huchelewa. Wekeni zamu za kazi ukutani tangu siku ya kwanza, na kikao cha saa moja kila wiki ambapo kila mtu husema jambo moja la shukrani na moja la kurekebisha. Kiongozi asiwe mtunza fedha pia.

Mapenzi mapya ndani ya timu, au na mwenyeji, yasubiri hadi baada ya huduma. Mashirika mengi yana kanuni hiyo, nasi tunaiunga mkono. Mkiachana wiki ya tano, timu nzima inaachana nanyi.

Nimefika mwezi wa pili, nachukia kila kitu. Nimekosea?

La. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliieleza hali hii mwaka 1960: kwanza kila kitu kinavutia, kisha vitu vilevile vinaudhi, kisha taratibu unazoea. Dalili zake ni usingizi mwingi au kuukosa kabisa, hasira kwa mambo madogo, kujifungia na simu, kuwasema wenyeji kama kundi moja. Tiba ni za kawaida: lala saa za kutosha, tembea kila siku, jifunze maneno matano mapya ya lugha yao kila siku, punguza simu za nyumbani zifike mbili kwa wiki, tafuta rafiki mmoja mwenyeji wa rika lako. Kukauka kwa maombi katika kipindi hiki hakumaanishi Mungu amekuacha. Soma zaburi kwa sauti, hata kama huhisi kitu.

Lakini ukikaa wiki mbili bila kuweza kula, kufanya kazi au kutoka kitandani, au ukianza kufikiria kujidhuru, mwambie msimamizi wako siku hiyohiyo. Hapo ni suala la daktari.

Nikirudi kabla ya muda, nimeshindwa?

Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba katikati ya safari (Matendo 13:13), na miaka baadaye Paulo huyohuyo aliagiza aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Ugonjwa, msiba, unyanyasaji au hatari ni sababu halali. Ukinyanyaswa na kiongozi, ondoka kwanza, eleza baadaye, tena kwa maandishi kwa shirika na kwa kanisa lako. Washirika wako wa fedha waambie ukweli kwa kifupi.

Nikirudi nifanye nini kwanza?

Pumzika siku 3 hadi 7 kabla ya ratiba yoyote. Kisha kaa na mtu aliyefunzwa kusikiliza waliorudi, angalau saa 2, siyo mara moja tu. Kurudi huwaumiza wengi kuliko kwenda, kwa kuwa hakuna aliyewaandaa.

Toa taarifa kwa kanisa kama walivyofanya Paulo na Barnaba Antiokia (Matendo 14:27). Andaa ushuhuda wa namna tatu: wa dakika 1 kwa anayekuuliza mlangoni, wa dakika 5 kwa ibada, wa nusu saa kwa waliokuchangia. Hesabu za fedha zitoke ndani ya siku 30. Salio liende mahali mlipokubaliana tangu mwanzo kwa maandishi, siyo mfukoni mwako.

Kiafya, homa yoyote ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka eneo la malaria ipimwe siku hiyohiyo, na umtajie daktari nchi uliyokuwa. Kama uliogelea au kufua ziwani au mtoni kwenye eneo la kichocho, pima wiki 6 hadi 8 baada ya mara ya mwisho kugusa maji hayo, hata kama hujisikii vibaya. Uliyekaa karibu na wenye kifua kikuu, pima wiki 8 hadi 10 baadaye.

Wenyeji wananiandikia kila siku, wengine wakiomba msaada. Niwajibu vipi?

Wajibu. Kunyamaza ghafla huwaumiza zaidi kuliko jibu fupi. Waambie ukweli kuhusu muda wako: labda utaandika mara moja kwa mwezi, na uandike kweli. Maombi ya fedha yaendelee kupita kwa mtu yuleyule wa kanisa mliyekubaliana, naye umtumie nakala ya unachojibu. Watoto wasiandikiane nawe kwa faragha, barua zao zipitie kwa mzazi au mwalimu wao. Na timu mpya ikipangwa kwenda pale, mpe msimamizi wake majina ya waliokusaidia, ili wasalimiwe kwa majina yao siku ya kwanza.